Katiba Nayo Ipewe Siku Yake



Kila tarehe 26 Aprili nchi yetu huadhimisha Muungano, na habari ya mwaka wa 1964 hata mtoto wa skuli aijua. Lakini ni wachache mno wajuao kwamba siku hiyo hiyo ya 26 Aprili, mwaka wa 1977, ndipo Katiba ya Jamhuri ya Muungano ilipoanza kutumika. Basi sikukuu ni moja na mambo ni mawili, na hilo la pili hupita kimya kama mgeni aliyeingia kwa mlango wa uani. Sisi twaona si vema.

Twaandika haya tukifikiri habari ya Kalangalala. Hiyo ni kata ya mji wa Geita, katika nchi ya dhahabu, kusini ya Ziwa Viktoria. Mtu atokaye Mwanza kwenda huko siku hizi huvuka kwa daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa mwaka wa 2025, wala hangoji tena kivuko. Mwanachama atauliza, Kalangalala wapi na mikarafuu wapi? Swali lake ni la haki, na jibu letu ni kwamba watu wale ni watu wa mizani kama sisi. Wao hupima dhahabu, sisi hupima karafuu. Tangu Machi 2019 wao wana soko la dhahabu lililowekwa na Serikali pale Geita. Sisi karafuu zetu twauza kwa Shirika la Biashara la Taifa, yaani ZSTC. Huko magendo ya dhahabu ni kosa, na huku magendo ya karafuu ni kosa. Na mtu ambaye riziki yake yote imo katika mzani ana haja kubwa ya kuijua sheria iliyo juu ya huo mzani.

Sasa tazameni. Geita si mji usiojua sherehe. Mwaka wa 2018 Mwenge wa Uhuru ulianzia mbio zake katika mkoa huo, na tangu mwaka huo pia yamekuwapo maonesho ya teknolojia ya madini, ambako mashine hupangwa na watu wakaelezwa kila moja yafanya kazi gani. Kwetu nasi iko Nane Nane, mkulima akaoneshwa miche na mbolea na akauliza maswali mpaka akatosheka. Mashine ina mtu wa kuielezea, mche una bwana shamba wake. Katiba, ambayo ndiyo mama wa sheria zote, haina hata meza moja chini ya turubali.

Wako watakaosema sherehe ni gharama tupu, nao wana hoja. Mwaka wa 2015 sherehe za Uhuru wa Tanganyika zilifutwa, watu wakaambiwa wafanye usafi. Mwaka wa 2022 zilifutwa tena, fedha zikapelekwa kujenga mabweni ya wanafunzi. Hatukuona mtu aliyelia kwa kukosa gwaride. Lakini tunayoyataka sisi si gwaride. Kusoma hakuna gharama kubwa. Kwataka kitabu, mtu mwenye sauti, na watu waliokaa kitako wakasikiliza.

Je, kisomwe nini? Hapa ndipo twapenda kukaa kidogo, maana ndipo wengi wanapokosea. Hukusanya watu, wakawaambia Katiba ni kitu kitukufu, wakawapa fulana, wakaondoka. Mtu huyo akiulizwa kesho yake Katiba yasema nini juu yake yeye, hana jibu. Sisi twaona kila mahali pasomwe kwanza ile ibara igusayo kazi ya watu wa pale.

Kalangalala yafaa waanze na ibara ya 24. Ibara hiyo yasema kila mtu ana haki ya kuwa na mali na kuhifadhiwa mali yake kwa mujibu wa sheria, na kwamba ni marufuku kumnyang'anya mtu mali yake kwa madhumuni ya kuitaifisha au madhumuni mengineyo bila idhini ya sheria iwekayo masharti ya fidia inayostahili. Katika nchi ambayo mgodi mkubwa umekuwa ukichimba tangu mwaka wa 2000, na ambapo shamba la mihogo huweza kukutwa limekaa juu ya dhahabu, maneno hayo si mapambo. Mkulima asiyeyajua husema, "Wenyewe wakitaka wametaka." Anayeyajua huuliza, kwa sheria ipi, na fidia imehesabiwaje? Na kuuliza hivyo si ukorofi hata kidogo.

Kisha isomwe ibara ya 27, ambayo haizungumzi haki bali wajibu, yaani wajibu wa kila mtu kulinda maliasili ya nchi na mali ya wananchi wote. Hiyo yamfaa mchimbaji mdogo aliyemo katika duara lake kama imfaavyo mwenye mgodi. Na mwisho isomwe ibara ya 30, mahali paelezapo kwamba mtu anayedai haki yake imevunjwa aweza kufungua shauri katika Mahakama Kuu. Maana ukimwambia mtu ana haki, usimwambie mlango wa kuidai uko wapi, umemwongezea huzuni tu.

Kwetu sisi kazi ni kubwa zaidi kidogo, kwa sababu twaishi chini ya vitabu viwili. Iko Katiba ya Muungano, na iko Katiba ya Zanzibar ya mwaka wa 1984. Ardhi si jambo la Muungano. Kwa hiyo mwenye eka tatu, au mwenye kukodi mikarafuu ya Serikali, au mtu ambaye barabara mpya imepita juu ya miti yake, akitafuta jawabu katika kitabu kimoja tu atarudi nusu ya njia. Hiki cha Zanzibar nacho chalinda mali ya mtu isichukuliwe ovyo. Tumekwisha kuwasikia watu wazima wenye heshima zao wakibishana barazani, huyu akitaja kitabu hiki na yule kile, na wote wawili hawakuwa wamevifungua.

Hata hivyo katika jambo moja sisi tumewatangulia ndugu zetu wa Kalangalala, na yafaa tuseme bila ya kujivuna. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni juu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na kiasi cha theluthi mbili wakasema ndiyo. Katiba ya Zanzibar ikabadilishwa kwa njia hiyo. Swali lilikuwa moja, mtu alilielewa, akajibu. Wenzetu wa bara walitoa maoni yao mbele ya Tume ya Jaji Warioba na katika mabaraza ya katiba ya mwaka wa 2013, sisi nasi tukatoa yetu. Bunge Maalum lilikaa Dodoma mwaka wa 2014 na kupitisha Katiba Inayopendekezwa. Kisha kura ya maoni iliyopangwa iwe tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa. Lawama za jambo hilo kila chama cha siasa kina zake, wala sisi hatutaziingia, maana gazeti hili ni la karafuu. Twasema hili tu: siku kura ya namna hiyo itakapokuja, haitafaa watu waanze kufundishwa wiki mbili kabla.

Jirani zetu wa Kenya, ambao Katiba yao ilitangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010, wameiwekea siku. Mwaka wa 2025 Rais wao alitangaza 27 Agosti iwe Siku ya Katiba kila mwaka, wala isiwe siku ya mapumziko. Hilo la mwisho limetupendeza. Siku ya mapumziko watu hulala. Wanorway nao huadhimisha Katiba yao ya 1814 kila tarehe 17 Mei, na watoto ndio watanguliao barabarani. Lakini wao hawana masika yetu.

Na masika ni jambo la kufikiriwa. Mwezi wa Aprili mvua hainyeshi kwa kiasi, huku wala Geita. Kumweka mtu uwanjani kumsomea ibara huku anarowa ni kumfanya aichukie Katiba maisha yake yote. Basi na iwe ndani ya skuli. Tena isomwe upya wakati wa msimu, kwenye vituo vya kununulia karafuu, ambapo watu hungoja zamu ya mizani saa nzima au zaidi wakizungumza mpira.

Shida moja ni lugha. Katiba yetu imo katika Kiswahili, lakini ni Kiswahili cha wanasheria. Sentensi huanza na "Bila ya kuathiri" na msomaji akapotea kabla hajafika kwenye kitenzi. Atakayesoma lazima awe mtu wa kueleza, mwalimu au mwanasheria mwenye subira, na asichukue zaidi ya ibara tatu kwa siku moja.

Twapendekeza kila tawi la chama chetu lijaribu jambo hili tarehe 26 Aprili ijayo, likiwashirikisha masheha na walimu. Twapendekeza pia barua iandikwe kwa shule ya sekondari ya Kalangalala, ili wanafunzi wa huko na wa skuli zetu wabadilishane maswali: wao watuulize habari ya eka tatu, nasi tuwaulize habari ya leseni za madini. Wanachama wenye maoni, ya kukubali au ya kupinga, wayapeleke kwa makatibu wa matawi kabla ya mwisho wa Februari, na wenye nakala za vitabu hivyo viwili majumbani mwao watuarifu, tupate kujua ni ngapi zinazopungua.