Sehemu Mbili, Hesabu Moja

Mwulize mtoto wa shule ya msingi, awe wa Ruanda au wa Tunduma mjini, saa 2 na dakika 5 ni dakika ngapi. Usishangae akijibu 25, au 7. Amezisoma tarakimu, lakini hakuuliza moja ya kushoto ina thamani ya ngapi za kulia. Jibu ni 125.

Kosa hilo halikomei darasani. Fundi anayesimamia hifadhi ya kompyuta iliyo mbali huiuliza kwa njia ya mtandao imejaa kiasi gani. Katika toleo la kwanza la utaratibu uitwao SNMP, uliotolewa mwaka 1988, kihesabio hakiwezi kupita 4,294,967,295. Kikifika hapo hurudi sifuri, kama mita ya lori lililokwisha safari nyingi. Kwa sababu hiyo baadhi ya vifaa hugawa hesabu kubwa katika sehemu mbili, ya juu na ya chini. Moja ya juu ni sawa na 4,294,967,296 za chini.

Tuseme sehemu ya juu ni 2, na ya chini ni 1,500,000,000. Atakayeziandika sanjari atasoma baiti bilioni 21.5. Atakayeipuuza ya juu atasoma bilioni 1.5, adhani ghala lina nafasi tele kumbe limekaribia kujaa. Hesabu ya kweli ni 10,089,934,592. Pengine sehemu ya chini huonekana hasi, mathalani −294,967,296. Hapo hapana budi kuiongeza kwanza 4,294,967,296, ipatikane 4,000,000,000, ndipo ijumlishwe na thamani ya sehemu ya juu.

Jambo hili si geni kwetu. Kabla ya mwaka 1904, chini ya utawala wa Wajerumani, rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwenye rupia 3 na pesa 10 alikuwa na pesa 202, wala hakuna mchuuzi aliyekubali kuhesabiwa 13.

Kwa maoni yangu, tunakosea tunapofundisha thamani ya nafasi kwa mafungu ya kumi peke yake. Mwalimu na afunge vijiti kwa mafungu ya sita, ya kumi na mbili, hata ya sitini, na kila mara aulize: fungu moja ni vijiti vingapi? Mtoto aliyezoea swali hilo hatadanganywa na namba, hata ikija vipande viwili.