Banda la Injili na Hiari ya Mpita Njia

Kila ufikapo msimu wa maonesho, ya Sabasaba pale Barabara ya Kilwa na ya Nanenane kule Nzuguni na Themi, hurudi lalamiko lile lile, kwamba haifai makanisa kukodi banda baina ya muuza asali na wakala wa matrekta, kwa kuwa neno la Mungu si bidhaa. Lalamiko hilo silioni kuwa na uzito. Paulo alipokuwa Athene hakuishia katika sinagogi, bali alikwenda sokoni siku kwa siku akahojiana na kila aliyemkuta huko. Na kwetu Tanzania, Katiba, katika ibara ya 19, imekwisha kuamua kwamba kueneza dini ni jambo huru, lililo katika hiari ya mtu binafsi.

Ni kwa ajili ya hiari hiyo ninalipendelea banda kuliko kipaza sauti. Waliokuwapo Dar es Salaam katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa ile ya 1990 wataikumbuka mihadhara ambamo Waislamu na Wakristo walikashifiana mbele ya halaiki, kila upande ukipekua kitabu cha mwenzake kutafuta aibu. Na katika joto hilo, Aprili 1993, mabucha ya nguruwe yakavunjwa. Hata leo spika ya mkutano wa injili humfuata mtu hadi kitandani, awe mgonjwa au mwenye mtoto mchanga, wala haimuulizi dini yake. Walakini banda hukaa mahali pake likangoja, na asiyelitaka hupita zake bila ya kudaiwa udhuru.

Tena mna staha katika biashara yenyewe. Simama kidogo mbele ya meza ya Biblia umtazame mama mtu mzima aliyekuja kutafuta Union Version ya maandishi makubwa, jinsi anavyoifungua Zaburi, akaisogeza mbali na macho, akairudisha, akauliza bei, akalalama, akaenda zake, kisha akarejea. Au mzee wa Kilutheri aliyeulizia Mwimbieni Bwana akapewa Tenzi za Rohoni, akaguna. Hao ni wanunuzi wenye amri juu ya fedha zao, na muuzaji hana budi kuwasikiliza. Ni mahubiri machache niliyoyaona ambamo msikilizaji amepewa heshima kiasi hicho.

Linalonitia shaka ni banda lenye bango la kupima presha bure, lisilotaja kanisa lolote. Kupima ni jambo jema, maana mtu aweza kuishi miaka mingi na presha iliyovuka 140 kwa 90 asihisi maumivu yoyote. Lakini liangalie daftari lililo mezani: jina, simu, mtaa, dhehebu, na mpimwaji, mkono wake ungali umebanwa na mkanda, huulizwa kama ana hakika ya kwenda mbinguni endapo atakufa usiku huo. Mtu aliyefungwa mkono, anayengoja kuambiwa habari za moyo wake, atakataaje kujibu? (Na kuzungumza tu wakati wa kupimwa hupandisha kipimo, jambo ambalo muuguzi yeyote analijua.) Juma lifuatalo simu yake huanza kuingia jumbe za mikesha.

Insafu ingetaka bango lilitaje kanisa bayana. Mtu apimwe kwanza kwa kimya, apewe majibu yake yameandikwa, na ikiwa presha imepanda aelekezwe hospitali. Ndipo aulizwe kama angependa kuhamia kiti cha pili kwa mazungumzo, na namba ya simu aiandike atakaye. Watoto nao wasigawiwe pipi na vijitabu ilhali wazazi wao wako mabanda mengine. Kwani simjui Mkristo hata mmoja ambaye angelinyamaza lau mwanawe angelirudi kutoka banda la Waislamu ameshika tende mkono mmoja, na mkono wa pili kitini cha kumsilimisha.