Wanakijiji Hawakumsubiri Steringi

Katika mabanda ya video, mtoto wa miaka saba anaijua kanuni: steringi, yaani shujaa mkuu wa filamu, hafi. Ingebaki bandani ningeinyamazia. Lakini tumeibeba hadi kwenye historia, tukaamini kwamba wanyonge hulala fofofo mpaka azaliwe shujaa wa kuwaamsha. Imani hiyo ni ya uongo, na anayefaidika nayo ni mwenye mashamba, si mwenye jembe.

Itazame RRR, filamu ya Kitelugu ya mwaka 2022. Komaram Bheem anachapwa viboko hadharani, anaimba, na umati unalipuka. Ustadi wa filamu hiyo siupingi. Lakini Bheem wa kweli, wa jamii ya Wagondi, alipigania haki ya watu wake kulima na kuchunga msituni, dhidi ya serikali ya Nizam, mtawala wa Hyderabad huko India, akauawa Jodeghat mwaka 1940 pamoja na wenzake. Filamu imeligeuza dai hilo la ardhi kuwa safari ya kumkomboa binti mmoja kutoka mikononi mwa gavana wa Kiingereza.

Sasa itazame Maa Bhoomi, yaani Ardhi Yetu, filamu aliyoiongoza Goutam Ghose mwaka 1979 kuhusu uasi wa wakulima wa Telangana, katika himaya hiyohiyo ya Nizam. Ramaiah, kijana wa familia ya wakulima maskini, anatoroka kijijini, anafika Hyderabad, na wafanyakazi wa mjini wanamfumbua macho. Anarudi kuungana na wenzake dhidi ya kabaila. Mwishoni anakufa. Naam, steringi anakufa, na mapambano yanaendelea.

Watasema filamu lazima iwe na sura moja ya kufuatwa. Sawa. Ila sura hiyo isiwafunike walioanza kazi. Katika Telangana ya kweli, makabaila walioitwa madeshmukh waliwatumikisha watu bila ujira: dobi, mfinyanzi, kinyozi, kila mmoja na zamu yake. Chakali Ailamma, mwanamke wa ukoo wa madobi, alikataa kuporwa mavuno ya shamba alilolilima. Watu wa chama cha kijiji, sangham, wakasimama naye, nafaka ikafika kwake. Tarehe 4 Julai 1946, watu wa deshmukh walimpiga risasi Doddi Komarayya akiwa kwenye maandamano kijijini Kadavendi. Hakuwa jemadari. Kifo chake kiliwasha moto kijiji hadi kijiji kwa sababu sangham zilikuwa zimeshajengwa, mkutano baada ya mkutano, na wanawake walishajua kuweka tayari unga wa pilipili na wanaume makombeo.

Imani ya shujaa hukosea pia kuhusu adui, kana kwamba akianguka mmoja kila kitu kimekwisha. Nizam alisalimu amri Septemba 1948 mbele ya jeshi la India huru. Makabaila waliokuwa wamekimbia wakarudi nyuma ya jeshi hilohilo, na wakulima wakaendelea kupigana hadi Oktoba 1951.

Waliolipia zaidi imani hii ni wanawake. Walibeba ujumbe, walificha wapiganaji, wengine walishika bunduki. Vita viliposimamishwa, wengi waliambiwa warudi jikoni, na miongo ikapita kabla wanahistoria wa kike wa Hyderabad hawajaenda kuwauliza walifanya nini. Waliwakuta wakikumbuka kila kitu, na wakiwa na hasira. Walikuwa na haki ya kuwa nayo.