Prosesa Haing'olewi, Hubanduliwa: Kiswahili Mezani pa Fundi

Katika vikao vya chama chetu hakuna mada iwashayo mjadala upesi kama istilahi za kompyuta. Mmoja husema tarakilishi, mwingine hushikilia kompyuta, na wa tatu hutukumbusha kwamba ngamizi nalo liliwahi kupendekezwa. Jua huchwea tungali pale pale. Simbezi yeyote, maana nami nimeushiriki mjadala huo kwa bidii. Hata hivyo, nakusudia kudai katika makala haya kwamba tumelishughulikia mno jina la chombo, tukaisahau kazi ya mkono unaokishika chombo hicho. Jambo hilo sikulijua maktabani. Nililijua Kiserian, mwezi wa Julai, nilipokuwa nimeshika prosesa iliyogandamana na hitisinki, nami sijui la kufanya.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufungua kasha la kompyuta, yafaa nieleze kidogo. Prosesa ni kile kipande bapa kinachotenda hesabu zote za mashine. Kifanyapo kazi hupata joto jingi, ndipo juu yake hukazwa kipoza joto cha alumini chenye mapezi membamba, ambacho mafundi hukiita hitisinki, na feni ikawekwa juu yake. Kati ya prosesa na hitisinki hupakwa pesti, uji mzito unaopitisha joto. Pesti ikiwa mpya huwa laini. Ikikaa miaka hukauka, na baridi ikiipata hushika mithili ya gundi.

Dada yangu ana duka dogo la kupiga chapa karibu na soko la Kiserian. Kompyuta yake, aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, ina prosesa ya AMD ya soketi ya AM4. Mchana huwapigia watu barua na fomu. Usiku huniachia niandike tasnifu yangu. Feni ilipoanza kunguruma nikajitolea kuibadilisha. Ilikuwa asubuhi yenye baridi, kama zilivyo asubuhi nyingi za Julai chini ya vilima vya Ngong, na mashine ilikuwa imezimwa usiku kucha. Kikaratasi kilichokuja na feni mpya kiliandikwa kwa Kiingereza, na kitenzi chake kikuu, nikikifasiri kwa wepesi, kilikuwa "ondoa". Basi nikaondoa. Nililegeza kishikizo, nikaikamata hitisinki kwa mikono miwili, nikavuta juu kwa nguvu. Ilitoka kwa mlio mkavu, na prosesa imeng'ang'ania chini yake, ilhali wenzo wa soketi ungali umefungwa.

Kilichotokea kina sababu yake. Prosesa ya AM4 ina pini 1331 upande wa chini, nyembamba mno. Wenzo mdogo kando ya soketi huzibana pini hizo, lakini juu ya prosesa hakuna fremu ya chuma ya kuizuia. Kwa hiyo pesti iliyokauka ikishinda mbano wa soketi, prosesa huchomoka pamoja na hitisinki. Na kwa kuwa mkono wa mtu hauvuti wima kamili, pini hupinda. Intel iliiepuka ajali hii mwaka 2004 ilipoleta soketi ya LGA 775, ambamo pini zilihamishiwa kwenye soketi yenyewe na prosesa ikakandamizwa kwa fremu ya chuma. AMD ilifuata njia hiyo kwa kompyuta za mezani za kawaida mwaka 2022, kwa soketi ya AM5. Lakini AM4, iliyoanza mwaka 2016, pamoja na zile zilizoitangulia, bado zinafika mezani pa mafundi wetu.

Siku nzima niliificha aibu yangu nikijaribu mwenyewe. Kesho yake niliifunga ile hitisinki katika leso nikaipeleka kwa fundi mmoja wa pale mjini, mtu mzima wa makamo ya baba yangu.

"Mzee, hii imekataa kuachana," nikamwambia.

Akaitazama. "Ulivuta?"

Nikakiri.

"Hii haivutwi, mwalimu. Hii hubanduliwa." Aliniita mwalimu tangu aliposikia kwamba ninasomea Kiswahili chuo kikuu.

Kwanza alinikataza kutia kisu wala bisibisi katikati. Kisu huteleza kikakwaruza kibao cha prosesa, au kikafagia safu nzima ya pini. Akaazima kikaushia nywele katika saluni ya jirani, akaipasha hitisinki joto kwa dakika chache. Kisha akaishika prosesa kwenye kingo zake, vidole vikiwa mbali na pini, akazungusha kushoto kidogo na kulia kidogo. "Ipekeche," akaniambia, "kama wazee walivyopekecha moto, ila wewe hutafuti moto." Ilipokaidi, alidondosha spiriti safi ukingoni, akasubiri inywee, akapitisha uzi wa kusafishia meno katikati kama muuza duka akatavyo mche wa sabuni. Ikaganduka. Ilijiachia yenyewe, bila kishindo chochote.

Pini tatu zilikuwa zimelala. Alichukua kalamu ya risasi ya kubonyeza, akaitoa risasi yake, akaivisha ncha iliyobaki tupu kwenye kila pini na kuisimamisha taratibu, huku akiilinganisha safu kwa jicho kutoka upande. Alinionya kwamba pini hukunjuliwa mara moja. Ikikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hukatika. Akaifuta pesti kuukuu kwa spiriti, akainua wenzo, akalinganisha pembetatu ndogo ya pembeni mwa prosesa na ile ya soketi, akaiacha prosesa itue kwa uzito wake wenyewe. "Hapa ukihitaji nguvu, ujue umekosea," alisema. Akatia pesti mpya kadiri ya punje ya choroko, akarudisha hitisinki. Kompyuta ikawaka. Dada alikuwa amepoteza wateja wa siku mbili, nami nilikuwa nimeponea chupuchupu kumnunulia prosesa nyingine kwa fedha nisizokuwa nazo.

Njiani nikirejea niliyatafakari maneno ya yule mzee, na hapa ndipo penye hoja yangu. Nomino zake karibu zote zilikuwa za mkopo: prosesa, soketi, pesti, pini, feni, madabodi. Vitenzi vyake, kwa upande mwingine, vilikuwa Kiswahili kitupu: kubandua, kugandua, kukunjua, kuchomoa, kupekecha, kulegeza, kutua. Vingi katika hivyo ni vya kauli ya kutendua, ile ile tunayoikariri darasani kwa ajili ya mtihani. Bandika, bandua. Ganda, gandua. Kunja, kunjua. Chomeka, chomoa. Kauli hiyo humkumbusha mtendaji kwamba lipo tendo lililotangulia, na kwamba kazi yake ni kulirudisha nyuma kwa kulifuata lilivyotendeka. Kilichobandikwa hakivutwi, hubanduliwa kuanzia pale kiliposhikana. Kitenzi kung'oa, kinyume chake, hubeba nguvu ndani yake: jino hung'olewa, kisiki hung'olewa, na kitu kilichong'olewa si rahisi kukirudisha mahali pake kikiwa kizima. "Ondoa" ya kikaratasi changu ilinitajia matokeo tu, nami nikaijaza namna kwa nguvu zangu. Sisemi kwamba Kiingereza hakina vitenzi vya namna hii. Nasema kwamba mwandishi wa kikaratasi hakuvichagua, nami niliyekuwa navyo katika lugha yangu sikuvikumbuka.

Haiwezi kusemwa kwamba Kiswahili kimelala katika uwanja huu. BAKITA ilianzishwa mwaka 1967 na imesanifisha istilahi nyingi. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliifanya lugha hii kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kazi hizi nazienzi. Lakini kwa upande wa kompyuta, zimemhudumia zaidi mtu aliyeketi mbele ya skrini. Huyo ameandikiwa "hifadhi", "futa" na "fungua". Yule aliyepiga magoti nyuma ya meza, kashani mwa mashine, amepata kidogo sana cha kusoma kwa Kiswahili.

Kuna watakaopinga. Wa kwanza watasema kwamba fundi anaijua kazi yake na hahitaji maandishi yetu. Ni kweli, lakini maandishi hayo ni ya mwanagenzi wake, na ya watu kama mimi wanaovuta kabla ya kuuliza. Wa pili watasema kwamba siku hizi kuna video. Nazo nimezitazama. Video huonyesha mkono ukizunguka, ila nguvu ya mkono haionekani kwenye picha. Kitenzi ndicho kinachoibeba. Wa tatu watasema kwamba Kiswahili cha karakana kimechanganyika mno, hakifai kuingia katika jarida la chuo kikuu. Hao nawauliza: meza, kitabu na shati viliingia kwa njia gani? Madabodi ikikopwa, lugha haijapungua. Itapungua siku ambayo mwanafunzi wa fundi atakosa neno la kutofautisha kubandua na kung'oa, akabaki na kuondoa peke yake.

Basi napendekeza hivi. Kila mwanachama, arudipo kwao likizoni, aende karakana moja: ya kompyuta, ya pikipiki, ya kuchomelea vyuma, yoyote ile. Achague kazi moja tu, aitazame ikitendeka, aandike maelezo yake kwa Kiswahili yasiyozidi ukurasa mmoja, kisha amsomee fundi ayasahihishe. Nakala moja ije kwenye jarida hili na nyingine ibaki karakanani. Ili nisionekane ninawatwika wenzangu nisichokibeba, nimeanza na huu hapa:

"Washa kompyuta, iache ifanye kazi nzito kwa dakika 10 hadi 15 ili pesti ilainike. Ikiwa haiwaki, ipashe hitisinki joto kwa kikaushia nywele. Izime; chomoa waya wa umeme na ule wa feni; gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ukutoke mwilini. Legeza kishikizo. Pekecha hitisinki taratibu, kushoto na kulia, hadi uihisi imeganduka. Ndipo uiinue. Ikiwa bado imeshika, usivute: irudishie joto, upekeche tena."

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Pesti nayo ibandue ingali vuguvugu.

Nilipompelekea yule mzee ukurasa huo, sentensi ya "Ndipo uiinue" ilikuwa bado "Ndipo uitenganishe". Nilidhani "tenganisha" lina hadhi zaidi ya kitaaluma. Alisoma polepole, akalikata kwa kalamu. "Ikifika hapo imeshatengana," akaniambia. "Kilichobaki ni kuinua." Nikaandika nakala safi, naye akaibandika ukutani juu ya meza yake.