Masafa Hayapimwi kwa Saa

Siku hizi umezuka msemo usioniridhisha: kwamba kwenda Jidda kwa ndege si safari, ni kama kuvuka feri ya Likoni. Mtu hufunga sanduku lake usiku, asubuhi akawatumia jamaa ujumbe wa simu yu uwanjani, basi kesha aga. Mimi nasema hiyo ni safari, tena kubwa.

Na tutazame hesabu. Kutoka Mombasa hadi Jidda, kwa mstari ulionyoka, ni kiasi cha kilomita 2,850. Ndege iendayo kilomita 850 kwa saa ingezikata kwa muda wa saa tatu na nusu hivi. Lakini wasafiri wetu wengi hupitia Nairobi, na wengine Addis Ababa au Dubai. Apitiaye Dubai huenda mashariki kisha akarejea magharibi, siku nzima ikamwishia viwanjani.

Ajabu ya njia hii ni kuwa Mombasa na Makka zimo takriban katika longitudo moja, 39 na kitu mashariki. Ndiyo maana kibla chetu ni kaskazini khasa, na jua likipinduka kwetu hupinduka na kwao karibu dakika hiyo hiyo. Saa za Saudia ni sawa na zetu. Msafiri hufika bila ya kugeuza saa ya mkononi, naye akadhani hakwenda mbali!

Wazee waliokwenda kwa jahazi walingoja kusi liwapeleke na kaskazi liwarudishe. Na kwa kuwa Hija hutangulia kiasi cha siku 11 kila mwaka, pepo na Hija havikuagana; aliyekosa msimu alikaa ugenini miezi. Kwa hivyo mtu alilipa madeni, akaacha masurufu ya nyumbani, akazunguka mlango kwa mlango kutaka radhi.

Watasema, tabu hiyo imekwisha. Lakini sheria haikutazama tabu. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ni ya wengi wetu hapa pwani, kipimo cha kupunguza Sala ni masafa: marhala mbili, yaani kilomita 80 na kitu, hata mtu akizikata kwa saa moja. Aendaye Malindi kutoka Mombasa amezipita. Wa Jidda amezipita zaidi ya mara 30. Na hao wanaodai kuwa ndege si safari, sijamwona hata mmoja wao akikataa kupunguza Adhuhuri njiani. Rukhsa ya msafiri wanaitaka, adabu yake hawaitaki.

Ningependa viongozi wa misafara, ambao huwafunza mahujaji kuvaa ihramu, waongeze na darasa la madeni na radhi. Simu si mbaya kwa jamaa aliye Lamu au Maskati. Lakini jirani wa mlango wa pili, aliyekukopesha kilo mbili za mchele, huyo aendewe kwa miguu.