Barabara Si Uwanja wa Mbio

Hapa Kwa Sadala, mahali tunapokutana wazee jioni kunywa kahawa, kijana mmoja alinionyesha kwenye simu yake mbio za magari za Marekani. Magari yalikuwa yamefuatana karibu kugusana, yakizunguka uwanja wenye umbo la yai, na maelfu ya watu wamesimama majukwaani.

"Mwalimu," akaniambia, "wenzetu ndio wanaojua mwendo. Hapa kwetu dereva akikanyaga mafuta kidogo tu, wazee mnaanza kulalamika."

Wenzangu walicheka. Nami nilimjibu kwa ufupi, maana kahawa ilikuwa inapoa. Lakini neno lile lilinikaa rohoni, kwa kuwa si lake peke yake. Ni neno la nusu ya abiria wanaopita mbele ya soko letu kila siku. Basi jibu langu refu ni hili.

Uwanja aliokuwa akinionyesha unaitwa Talladega, uko katika jimbo la Alabama, na ulifunguliwa mwaka 1969. Mzunguko wake unazidi kilomita 4, na kwenye kona lami imeinuliwa kama ubavu wa mlima, nyuzi 33, ili gari lisitupwe nje. Tarehe 3 Mei mwaka 1987 yalifanyika hapo mashindano ambayo wapenzi wa mchezo ule hawajayasahau. Katika majaribio ya kupanga nafasi za kuanzia, Bill Elliott alifikia mwendo wa karibu kilomita 342 kwa saa. Siku ya mbio zenyewe, gari la Bobby Allison lilipasuka tairi, likageuka, likanyanyuka hewani na kuurarua uzio wa waya uliotenganisha njia na watazamaji. Watu kadhaa waliumia. Gari halikuvuka uzio. Lingevuka, hadithi ingekuwa ya makaburi. Mbio zilisimamishwa zaidi ya saa 2, uzio ukatengenezwa, na mwishowe mshindi akawa Davey Allison, mtoto wa Bobby huyo huyo, ushindi wake wa kwanza katika ngazi ile.

Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi wanayoipenda vijana. Kilichofuata hawakitazami. Kuanzia mwaka 1988 wakubwa wa mchezo ule waliamuru kila injini katika viwanja vya Talladega na Daytona ifungwe kibati chenye matundu madogo, kinachopunguza hewa iingiayo ndani, ili gari lisiweze kukimbia kama zamani. Fikiri, ndugu msomaji. Watu wanaoishi kwa kuuza mwendo, wenye uwanja uliozungushiwa ukuta na uzio, ambamo haingii ng'ombe wala mtoto wa shule, waliona gari moja likikaribia watazamaji, wakaukata mwendo wenyewe kwa mikono yao. Sisi, ambao hatuna ukuta wala uzio, tunaambiwa tukipunguza mwendo tumebaki nyuma!

Waitalia nao walifundishwa kwa machozi. Walikuwa na mbio maarufu za barabarani zilizoitwa Mille Miglia, zikipita katikati ya miji na vijiji. Mwaka 1957 gari la Alfonso de Portago lilipasuka tairi karibu na kijiji cha Guidizzolo. Alikufa yeye na mwenzake, na pamoja nao watazamaji 9, ambao 5 kati yao walikuwa watoto. Mbio zile za kasi za barabarani zikakomeshwa. Hakuna aliyesema Waitalia hawajui magari.

Na sisi wa Afrika Mashariki? Mbio zetu kubwa zilianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye zikaitwa Safari ya Afrika Mashariki, na zikawa zetu kweli kweli, hata Malkia tukamsahau. Barabara haikufungwa. Gari la mashindano lilipita njia ile ile ya lori la kahawa, ya ng'ombe, na ya mama atokaye sokoni. Zilifanyika wakati wa Pasaka, na Pasaka kwetu ni masika. Nilipokuwa mtoto tulijipanga ukingoni mwa barabara kuu tukiwa tumejifunika majani ya migomba. Majina tuliyajua kama ya watakatifu: Joginder Singh wa Kenya aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo, na Bert Shankland wa Dar es Salaam aliyeshinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967 kwa Peugeot 404. Mtoto aliyerushiwa matope na gari la mashindano hakunawa mpaka jioni.

Sioni haya kusema kwamba nilizipenda mbio zile. Lakini nasema pia kwamba tulichukua somo kinyume. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Sifa ya Safari ilikuwa kufika. Aliyejua kulitunza gari kwenye tope na mawe ndiye aliyepewa kombe, na wengi waliotangulia kwa papara waliachwa mitaroni. Sisi tuliokaa kando hatukuliona hilo. Tuliona gari likipita kwa kishindo na watu wakikimbia kulipisha. Tukajifunza kwamba apitaye ni mfalme, na mwenyeji wa mahali ni mtazamaji tu, kazi yake ni kukaa pembeni na kushangilia.

Tangu miaka ya 1970 mbio zile zilibaki Kenya. Baada ya mwaka 2002 ziliondolewa katika ubingwa wa dunia, na ziliporudi mwaka 2021, kule Naivasha, magari yalishindana katika njia zilizofungwa, zisizo na msafara wa mtu mwingine. Hata Safari yenyewe, basi, imejifunza. Ambayo haijajifunza ni barabara ya kutoka Moshi kwenda Arusha. Mashindano bado yapo humo, bila kombe na bila uzio.

Sasa nieleze jambo ambalo kwa miaka mingi sikumweleza mtu.

Mwaka 1996 nilipanda basi Dar es Salaam kwenda Arusha. Tulipofika Himo basi lingine likatupita, utingo wao akatupungia mkono kwa dharau. Ndani ya basi letu ikawa sherehe. "Suka, unakubali?" "Kanyaga!" Mimi nilikuwa mtu mzima, mwalimu, mwenye watoto. Nami nilipaza sauti: "Kanyaga!" Tulipita Moshi, tukawa tunalikaribia, na kila tulipolikaribia tulishangilia kama wale watoto wa majani ya migomba.

Ilikuwa siku ya soko Kwa Sadala. Mama mmoja alikuwa anavuka na mkungu wa ndizi kichwani. Basi la mbele lilimkosa. Letu lilifunga breki, likaserereka, likampiga kwa ubavu. Nilimfahamu. Nyumbani kwangu tulikula ndizi zake. Hakufa, namshukuru Mungu, lakini mguu wake haukupona sawasawa na sokoni hakuonekana tena akiuza. Watu waliokuja mbio walimzonga dereva, wakamwita muuaji. Mimi nilisimama kati yao, kimya. Hakuna aliyeniuliza nilisema nini ndani ya basi.

Nilikwenda kumpa pole mara nyingi. Alinikaribisha, akaniita mwalimu, akaniagizia chai. Neno lile la "kanyaga" sikuwahi kumwambia.

Kwa hiyo wanaposema kosa ni la dereva, nasema ni la dereva na letu. Wanaposema dereva wetu ni hodari, nauliza: hodari kuliko Bobby Allison? Tairi halimjui hodari. Wanaposema ajali ni mpango wa Mungu, nakasirika kabisa. Mungu hakuwa na haraka siku ile. Sisi ndio tuliokuwa nayo. Na wanaposema barabara nzuri imejengwa ili tufike upesi, naomba tupige hesabu ya darasa la tano. Chukua kilomita 1 ya kupita katika eneo la soko. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo cha sheria katika makazi, utatumia sekunde 72. Kwa mwendo wa kilomita 100 utatumia sekunde 36. Umeokoa sekunde 36. Lakini mwendo ukizidi mara 2, nguvu ya kugonga huzidi mara 4. Mguu wa mama yule uliuzwa kwa sekunde 36, na sijui mpaka leo sekunde zangu nilizifanyia nini.

Sheria tunayo, na basi kubwa halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa hata nje ya makazi. Lakini tazama madereva wanavyowashiana taa kuambiana trafiki yuko wapi. Akionekana trafiki, kila mtu mpole. Akionekana mama na mkungu wa ndizi, honi. Maana yake tunamwogopa mwenye kitabu cha faini kuliko tunavyomheshimu mwenye roho.

Simwombi kijana yule aache kutazama mbio zake. Nami nikiziona nazitazama. Ninalomwomba yeye, na wewe msomaji utakayepanda basi kesho, ni dogo tena gumu. Dereva akianza mashindano, sema. Sema kwa sauti, hata wakikucheka, hata utingo akikuuliza kama umekodi basi peke yako: "Dereva, punguza." Mimi nimelisema mara nyingi tangu wakati ule, na mara nyingi nimechekwa. Mara chache abiria mwingine wa nyuma ameitikia, kisha wa tatu, na basi likapungua mwendo.

Mama yule alifariki miaka mingi baadaye, kwa ugonjwa mwingine. Nilikuwa mazikoni. Kutoka pale kaburini, kwenye kihamba chao, tulisikia mabasi mawili yakifuatana barabarani kwa honi ndefu, na vijana wawili waliokuwa wameshika majembe wakageuza shingo kuona ni lipi limetangulia.