Chuo kikuu bila jembe: somo la Kisii kwetu sisi Wapwani

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi, ule tuliozoea kuuita CBC, waliingia Gredi ya 10. Mambo yakienda kama yalivyopangwa, mwaka 2029 vijana hawa watabisha hodi kwenye vyuo vikuu. Tangu wakiwa wadogo wameambiwa kuwa elimu ni kutenda. Je, huko chuoni watakuta nini? Wakikuta ukumbi uliojaa viti na mhadhiri anayesoma maelezo ya mbolea ya samadi ukutani, basi tutakuwa tumewajengea ngazi isiyofika darini.

Leo nataka tutazame bara, Kisii na Nyamira, kwa sababu huko swali hili haliwezi kuahirishwa. Kwa hesabu ya watu ya 2019, Kisii ilikuwa na watu 958 katika kila kilomita moja ya mraba, na Nyamira 675. Kilifi ilikuwa na 116, Kwale 105, Tana River 8. Udongo wa Gusii ni mwekundu wenye rutuba, mvua hunyesha misimu miwili, lakini shamba la babu limegawanywa kwa wana, wana wakawagawia wajukuu, na leo nyumba nyingi zinalima kipande kisichofika ekari moja. Mtu mwenye kipande hicho hahitaji trekta. Anahitaji maarifa ya kutumia kila futi ya ardhi: makinga maji mlimani ili udongo usishuke mtoni, mboji ya takataka za jikoni, mboga zinazovunwa wiki baada ya wiki, na mkaratusi uondoke kando ya chemchemi.

Maarifa hayo ndiyo kazi ya bustani ya chuo. Nasema bustani ya kusomea, si maua ya kupamba geti. Kila mwanafunzi apewe ngwe yake, awe anasomea ualimu, biashara au kilimo. Apande, apime, aandike, avune, na alama zake zitoke humo.

Chuo Kikuu cha Kisii kinafanana na chetu cha Pwani kule Kilifi. Vyote viwili vilikuwa vyuo vishiriki mwaka 2007, cha Kisii chini ya Egerton na cha Pwani chini ya Kenyatta, na vyote vikapata hati ya kujitegemea 2013. Kabla ya hapo, Kisii palikuwa na chuo cha walimu, na Kilifi palikuwa na taasisi ya kilimo. Kwa hiyo asili ya vyuo hivi ni kazi ya mikono. Tulipandisha jina, na hilo ni jema. Lakini kupanda cheo kusiwe sababu ya kuona haya kushika jembe.

Nini kipandwe? Wenzetu Abagusii wana mboga yao wanayoiita chinsaga. Sisi tunaijua kama mgagani au mwangani. Kwao mama aliyejifungua hupikiwa mboga hiyo arudishe nguvu. Wana rinagu, ambayo ni mnavu wetu, na enderema, ambayo ni nderema. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha JKUAT ametumia zaidi ya miaka 30 kuonyesha kwa utafiti kuwa mboga hizi tulizozidharau kama chakula cha maskini zina lishe kubwa. Lakini zina siri zake. Mbegu mpya ya mgagani hulala; ukiipanda mara tu baada ya kuvuna, nyingi hazioti mpaka zikae miezi kadhaa. Bibi wa kijijini anajua hilo. Mwanafunzi akihesabu mbegu 100, akazipanda leo, kisha akapanda 100 nyingine baada ya miezi mitano na kulinganisha, naye atalijua, tena ataweza kulieleza kwa takwimu.

Hapo ndipo habari za mahakamani zinapoingia. Sheria ya mbegu ilimtishia mkulima anayeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kwa kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1. Novemba 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Wakulima walishangilia, na walikuwa na haki. Ila haki ya kubadilishana mbegu haina faida kama mbegu yenyewe imepotea au imechoka. Nani atazitunza, azipime kama zinaota, azigawe kwa jirani? Bustani ya chuo ingeweza kuwa ghala hilo, kwa gharama ndogo kuliko semina moja ya hotelini.

Pingamizi ninalijua. Vyuo vya umma vina madeni. Pia tumeona bustani nyingi zikizinduliwa kwa kamera na kufa kabla ya kibao kupauka. Tatizo kubwa zaidi ni kalenda: muhula unafungwa, wanafunzi wanakwenda kwao, na mboga haijui likizo. Dawa ni kutoiacha bustani mikononi mwa wanafunzi peke yao. Kina mama majirani wapewe sehemu yao humo kwa makubaliano ya maandishi. Wao hulinda wakati wa likizo na kuvuna chao, wanafunzi wakirudi hujifunza kutoka kwao.

Na asiseme mtu kuwa Pwani ardhi yetu ni mchanga na mawe. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya saruji pale Bamburi, mahali palipobaki jiwe tupu na maji ya chumvi. Alijaribu aina 26; zilizosimama ni 3 tu, mvinje ukiwamo. Majani makavu ya mvinje yalipokataa kuoza, akaleta majongoo wayatafune mpaka yakawa udongo. Leo ni msitu. Aina 23 zilizokufa zilikuwa darasa, na darasa hilo halipatikani kwa kukaa kitini.

Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Na Mtume wetu (SAW) alitufundisha kuwa Muislamu akipanda mmea, akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi wazazi mtakaopeleka watoto Kisii, Kilifi au kwingineko, siku ya kuripoti msiulize karo na bweni tu. Ulizeni pia: mtoto wangu atalima wapi, na nani atamsahihisha?